Odisei kwa Lugha ya Nathari

Kila mwalimu wa ushairi amewahi kuwapa wanafunzi zoezi la kuandika ubeti fulani kwa lugha ya nathari. Wanafunzi wetu wa Jinja na Mbale hulipenda, kwani huwapa alama bila kuwasumbua na vina. Zoezi hilohilo, likifanywa kwa shairi lenye mistari zaidi ya 12,000, ndilo lililomfikisha Homer kwa msomaji wa kawaida wa Kiingereza.

Odisei ni utendi wa Wayunani ambao wataalamu wengi huuweka katika karne ya 8 au ya 7 K.K. Chapman na Pope waliufasiri kwa ushairi. Samuel Butler (1900) na T. E. Lawrence (1932) kwa nathari. Kisha akaja E. V. Rieu. Yeye alianza kwa kumfasiria mkewe kwa mdomo, akaendelea na kazi hiyo hata London ilipokuwa ikipigwa mabomu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1946, kikiwa cha kwanza katika mfululizo wa Penguin Classics. Kilikuwa cha jalada laini na bei nafuu, kikauza nakala zaidi ya milioni 3.

Je, kilichopotea ni nini? Homer hawataji mashujaa wake hivihivi. Huwapa sifa zilezile tena na tena. Mmarekani Milman Parry alionyesha kwamba sifa hizo ni nyenzo za mghani: humsaidia kujaza kipimo cha mstari huku akitunga. Kati ya 1933 na 1935 alikwenda Yugoslavia kuwarekodi waghani waliokuwa hai. Rieu, akiwa hana kipimo cha kujaza, alizibadilisha sifa nyingi na nyingine akaziacha. Anayezijua tenzi zetu ataelewa hasara hiyo upesi. Chukua utenzi, ondoa mizani 8 za kila kipande, ondoa na kina cha mwisho kinachopita beti zote: kisa kitabaki, lakini sauti ya mghani imekwenda.

Ikumbukwe kwamba Kiswahili hakikuanza jana kusimulia habari za dola ya Wayunani. Chuo cha Herekali, alichokitunga Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, kinahusu vita na Kaisari Herekali, mtawala wa Rumi ya Mashariki, na ni utenzi. Mashujaa wa Wayunani wa kale wenyewe walitufikia baadaye na kwa njia nyingine: kitabu cha Charles Kingsley cha 1856 kilifasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mashujaa: Hadithi za Kiyunani. Hapo ushairi wa Kiyunani umekuwa nathari ya Kiingereza, nayo ikawa nathari ya Kiswahili. Ni kama maziwa yaliyotiwa maji mara mbili, ingawa mwenye kiu hunywa.

Kwa mwanafunzi aliyelelewa kwa Lusoga au Lumasaba, na Kiswahili akakipata darasani na sokoni, sisi tunaona nathari itangulie. Hata hivyo, hoja ya Rieu haitufungi. Wasomaji wake walikuwa wameacha kusikiliza tendi ndefu. Utenzi wa Kiswahili ungali ukighanwa. Atakayeufasiri Odisei kwa lugha hii ana kipimo mkononi, wala halazimiki kukiomba kwa Wayunani.

Aanze na mahali padogo. Katika kitabu cha nne, Menelao anasimulia alivyokwama Misri, na mto wa huko Homer anauita Aiguptos. Ndio maji haya yanayotupita hapa Nalufenya. Je, mfasiri aliache jina la Homer, au aandike jina ambalo mtoto wa Jinja analijua? Sisi tungeandika Naili. "Mto Naili" ni mizani 5, zimebaki 3.