BMC 1800 Aerodinamica
BMC 1800 Aerodinamica ni pendekezo la umbo jipya la gari la familia la Kiingereza, lililobuniwa na karakana ya Kiitalia ya Pininfarina na kuonyeshwa Turin mwaka 1967, ambalo halikuingia kiwandani. Gari lenyewe, BMC 1800 la mwaka 1964, lilikuwa kazi ya mhandisi Alec Issigonis: injini yake ililazwa kwa upana na kuendesha magurudumu ya mbele, na badala ya springi za chuma lilitumia majimaji yaliyopita katika mabomba kati ya gurudumu la mbele na la nyuma la upande mmoja. Ndani lilikuwa na nafasi tele, lakini bodi yake ilikuwa butu na pana, hata Waingereza wakalibandika jina la kaa wa nchi kavu.

Pininfarina waliiacha mitambo hiyo kama ilivyokuwa na kuivika bodi mpya: boneti iliinama chini, kioo cha mbele kikalala, na paa likateremka taratibu hadi kwenye mkia uliokatwa ghafla, mbinu inayopunguza ukinzani wa hewa bila kurefusha gari. Mwaka 1968 likafuata toleo dogo lililojengwa juu ya BMC 1100.

Kampuni ya BMC, iliyounganishwa mwaka huohuo katika kampuni ya British Leyland, haikuyachukua mapendekezo hayo mawili. Umbo la magari ya Kifaransa ya Citroën GS (1970) na CX (1974) linafanana nayo mno, kiasi kwamba ni vigumu kuamini kuwa ni sadfa tupu.