Hakuna Safu ya "Kweli": Vitabu vya Dini vya Morrowind

Leo naweka kando lugha za programu ili tuzungumze kidogo kuhusu historia ya gemu. Nataka tuangalie vitabu vya dini vilivyomo ndani ya gemu, vile ambavyo waundaji wenyewe walivitunga kwa makusudi visiaminike.

Gemu nyingi za ulimwengu wa kubuni hukueleza historia yake kama mwalimu mbele ya darasa. Miungu waliumba hiki, mwovu akaharibu kile, haya, shika upanga. Huna sababu ya kubisha, kwa maana anayesimulia ndiye aliyeubuni ulimwengu huo.

Kampuni ya Bethesda ya Marekani ilianza mfululizo wa The Elder Scrolls mwaka 1994 kwa gemu iitwayo Arena. Mwaka 1996 ikatoa Daggerfall, na hapo ikajitegea mtego. Daggerfall ilikuwa na miisho kadhaa: mchezaji ndiye aliyeamua nani akabidhiwe uwezo wa kuliamuru jitu kubwa liitwalo Numidium. Sasa gemu inayofuata itasema nani alishinda? Wenzangu mnaoandika programu mnalijua tatizo hili. Matawi mawili ya msimbo yakigongana, lazima uchague moja au uyaunganishe. Bethesda waliamua kuyaunganisha yote. Walisema kwamba wakati wenyewe ulivunjika, na kila mwisho ukatokea kwa pamoja. Wanahistoria wa ulimwengu ule wakabaki kukuna vichwa.

Kwa maoni yangu, hicho kilikuwa kiraka tu. Kilishonwa vizuri, lakini kiraka. Tena hakikuwa cha kwanza. Katika toleo la The Hobbit la mwaka 1937, Gollum alikuwa tayari kutoa pete yake iwe zawadi ya kushindwa vitendawili. Baadaye, Tolkien alipoandika hadithi kubwa zaidi, pete ikawa kitu kiovu ambacho mwenye nacho hawezi kukiachilia. Basi mwaka 1951 sura hiyo ikatoka imeandikwa upya, na ile ya zamani ikaelezwa kuwa ni uongo wa Bilbo mwenyewe. Hitilafu ya mwandishi ikageuzwa kuwa tabia ya mhusika!

Mageuzi yenyewe nayaona mwaka 1998. Bethesda walitoa gemu ya Redguard pamoja na kijitabu cha karatasi kuhusu nchi za ulimwengu huo. Kijitabu kimeandikwa kwa sauti ya Dola, kikijisifu na kuwadharau wengine. Lakini pembeni mwa kurasa kuna maneno ya mpinzani, yaliyochapwa yaonekane kama mwandiko wa mkono, akiikejeli Dola hiyo. Hapa hakuna kosa la zamani linalofichwa. Msomaji anaonyeshwa tangu mwanzo kwamba mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Kisha ikaja Morrowind, mwaka 2002. Kwa wale ambao hawajaicheza: katika kisiwa cha Vvardenfell kuna Hekalu linaloabudu miungu watatu walio hai, Vivec, Almalexia na Sotha Sil. Zamani walikuwa washauri wa jemadari aliyeitwa Nerevar. Nerevar alikufa wakati wa vita vya Mlima Mwekundu, na washauri wake wakawa miungu. Alikufaje? Hekalu humheshimu kama mtakatifu. Vivec husema alikufa kwa majeraha ya vita. Wahamaji wa nyikani, Ashlanders, husimulia kwamba wale watatu walimuua kwa sumu ili wapate uungu.

Angalieni uzito wa jambo hili. Hekalu lina askari na magereza, na makuhani wanaouliza maswali huwindwa. Wahamaji wana midomo yao tu. Lakini simulizi yao iliandikwa na Hekalu lenyewe, kisha ikafichwa miongoni mwa maandishi yake ya siri. Mimi hujiuliza: kama ni uongo mtupu, kwa nini uutunze kabatini kwa karne nyingi?

Kama kawaida yangu, nilitaka kuona ndani. Toleo la tarakilishi lilikuja na Construction Set, programu ya kuhariri gemu hiyo. Ukifungua data yake, kila kitabu ni rekodi: jina, uzito, bei, maandishi. Hakuna safu iitwayo "kweli". Vita vyenyewe havimo popote, si kwa picha wala kwa tukio linaloweza kuchezwa. Kilichohifadhiwa ni madai ya watu tu. Hata ukiwa na funguo zote za mfumo, hutapata jibu lililofichwa na mtengenezaji.

Lakini dalili zipo. Vivec ameandika mahubiri 36 ya kujitukuza, yaliyotungwa kwa hakika na Michael Kirkbride. Wachezaji wengi waliyaokota kwa sababu kusoma baadhi yake huongeza ujuzi wa mhusika. Hubiri la 29 lina orodha ya namba. Ukizitumia kuchagua neno moja moja kutoka kila hubiri, unapata ujumbe wa siri: kwamba hakuzaliwa mungu, aliiba uungu na kuua, tena kwa hiari yake. Mungu ameficha ungamo ndani ya msahafu wake mwenyewe.

Hapo ndipo nachora mstari. Kusema "kila mtu ana ukweli wake" ni rahisi, na mtunzi mvivu anaweza kujificha humo kila hadithi yake inapogongana. Morrowind haifanyi hivyo. Kila kitabu kina mwandishi, na mwandishi ana anachokitetea. Uongo umeacha nyayo, na msomaji mwenye subira anaweza kuzifuata. Halafu anatakiwa kutenda: Vivec anakupa kifaa cha kumshinda adui, na unaweza kukipokea, au kumuua na kutafuta njia nyingine. Unaamua bila ushahidi kamili, kama hakimu yeyote.

Sisi watu wa programu tumezoea kudhani kwamba kilichomo katika hifadhidata ndicho kilichotokea. Sivyo. Ni kile ambacho mtu fulani aliingiza, siku fulani, akiwa na sababu zake. Kwa hiyo mkikutana na andiko lolote, la gemu au la ofisini, anzeni na maswali matatu: nani aliliandika, alinufaika vipi, na nani hakupewa kalamu?