Hiyo mbegu ilipandwa shamba gani?

Wasee wa Kitale na Bungoma, leo naanza na swali la kilimo. Ukipanda mahindi Trans Nzoia mwezi wa tatu ama wa nne, unavuna lini? Mwezi wa kumi hivi kwenda mbele. Hapo katikati kuna mbolea, palizi na kungoja mvua. Hata mtoto wa huku anajua hiyo hesabu.

Sasa cheki. Mwaka wa 2006 na 2007 Kenya ilijaa kampuni za pesa ya haraka. Moja iliyovuma sana ni DECI. Lugha yao ilikuwa ya shamba na ya kanisa: unapanda mbegu, unavuna. Wa kwanza walivuna kweli, wakaenda kuambia majirani. Lakini hakukuwa na shamba. Mavuno yako yalikuwa mbegu ya mtu aliyeingia nyuma yako. Wapya walipopungua, maofisi yakafungwa.

Serikali iliunda jopo likiongozwa na Francis Nyenze. Ripoti ya 2009 ilihesabu Wakenya zaidi ya 148,000 na zaidi ya bilioni 8 zilizopotea katika hizo kampuni. Mwaka huohuo DECI ya Tanzania nayo ikasimamishwa. Na si akili mpya: Charles Ponzi alifanya hivyo Boston mwaka wa 1920, akiahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45.

Kizazi chetu hucheka wazazi kwa hiyo stori. Mimi pia nilicheka. Halafu nikiwa chuo nikaweka karo ya semista kwa apu fulani. Wiki ya kwanza ikalipa, nikaleta maboyz wawili. Wiki ya tatu apu ikazimika. Karo yangu nimeizoea kuikosa. Kinachoniuma ni wale wawili, juu mimi ndiye nilikuwa yule jirani wa 2007.

Ndio maana nasema, acha kuuliza kama inalipa. DECI ililipa. Ponzi alilipa. Uliza pesa inafanya kazi gani kabla irudi kwako. Benki inakopesha watu. Sacco inakopesha wanachama. Bondi ni serikali inakopa kwako. Kama jibu ni "leta watu watatu", wewe ndio mbegu.

Na usiamini cheti cha kuscreenshotiwa WhatsApp. Ingia mwenyewe kwa orodha za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, SASRA, ama Benki Kuu, utafute jina. Ni bure, dakika tano tu. Leseni haimaanishi huwezi kupata hasara, lakini angalau kuna mlango wa kubisha mambo yakiharibika.

Mahindi hayaivi wiki mbili. Pesa pia.