Tasnifu zilizotoka kwenye muhogo mchungu

Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilipoanzishwa Butembo mwaka 1989, enzi za Askofu Emmanuel Kataliko, kijana wa Kirumba au Beni alipata pa kusomea udaktari karibu na kwao. Kuubobea ubongo na mishipa ya fahamu kulikuwa jambo jingine. Kwa hilo njia ilielekea Kinshasa, kwenye kituo cha magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu, CNPP, kilichoko Mont Amba, ama ng'ambo kabisa. Hata hivyo, utafiti wa ubongo ulioipa Kongo jina katika vyuo vya dunia ulianzia vijijini, kwenye muhogo.

Mwaka 1938 daktari Mwitaliano Giovanni Trolli aliandika habari za ugonjwa wa ajabu huko Kwango, unaoitwa konzo. Mtu mwenye afya njema, mara nyingi mama au mtoto, hukakamaa miguu yote miwili ghafla. Ulemavu hauzidi, lakini pia hauponi. Baada ya Trolli, jambo hilo lilikaa kimya kwa miongo.

Lilizuka tena mbali, Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, mwaka 1981, wakati wa ukame. Watu zaidi ya 1,000 walipooza. Daktari kijana kutoka Sweden, Hans Rosling, yule ambaye baadaye angepata umaarufu kwa takwimu zake, alikuwa akifanya kazi Nacala. Sumu ya sayanidi iliyobaki kwenye muhogo mchungu ndiyo iliyokuwa mada ya tasnifu yake ya uzamivu, Uppsala, 1986. Mwaka 1985 ugonjwa huohuo ulionekana Tarime, Tanzania.

Mwenzake Rosling, Thorkild Tylleskär, aliufuata Bandundu, Kongo, pamoja na watafiti Wakongo. Walichogundua kinauma. Barabara ya kwenda Kinshasa ilikuwa imetengenezwa, wafanyabiashara wakawa wanautaka muhogo upesi, nao akina mama wakapunguza siku za kuuloweka. Siku tatu majini huondoa sumu nyingi. Siku moja haitoshi. Mwili wenyewe huweza kuipunguza makali sayanidi, ila unahitaji salfa inayopatikana kwenye protini, na mwenye kula bugali na sombe tu, bila samaki wala maharage, hana akiba hiyo. Kwa hiyo maendeleo ya barabara yaliwaumiza watu miguu. Tylleskär alitetea tasnifu yake mwaka 1994.

Swali la ubongo wenyewe lilimwangukia Mkongo. Désiré Tshala-Katumbay, aliyesomea udaktari Kinshasa, aliwapima wagonjwa kwa sumaku inayouchochea ubongo kupitia fuvu, na tasnifu yake kuhusu udhibiti wa viungo ilikubaliwa Uppsala mwaka 2001. Kwa wagonjwa wengi sehemu ya ubongo inayoamuru misuli haikuitika ipasavyo, ingawa picha za kichwa zinaweza kuonekana safi. Leo anafanya kazi kati ya Oregon, Marekani, na Kinshasa.

Mwaka 2013 yeye, Michael Boivin na wenzao walichapisha matokeo kutoka Kahemba, Kwango: watoto wasiokuwa na konzo, lakini wanaoishi kwenye nyumba zenye mgonjwa, nao walifanya vibaya katika majaribio ya akili kuliko watoto wa vijiji visivyo na ugonjwa. Kumbe miguu ilikuwa dalili ya wazi tu. Mimi naona hapo ndipo utafiti huu uliacha kuwa habari ya ulemavu wa wachache.

Mashariki nako hakukusalimika. Mwaka 2011 Joelle Chabwine wa Bukavu na wenzake waliripoti konzo Burhinyi, Kivu ya Kusini, eneo lililovurugwa na vita. Dawa ya kurudisha miguu haipo. Lakini kuna njia ya kuukinga ugonjwa kwa kuuandaa unga wa muhogo, iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia: unga unalowanishwa kwa maji, unatandazwa kwa unene mdogo, unaachwa saa tano kivulini au mbili juani, sumu ikipaa hewani kabla ya bugali kusongwa. Ilijaribiwa Kay Kalenga, Bandundu, na katika kipindi cha jaribio hakukutokea mgonjwa mpya kijijini hapo.