Mwenye mfuko wa tumboni asiikimbie karamu

Desemba inapowadia, Otonglo, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, hapakosi harusi wala karamu ya Krismasi. Anayeishi na stoma mara nyingi hubaki nyumbani.

Stoma ni tundu linalofunguliwa tumboni na daktari wa upasuaji ili kinyesi au mkojo utokee hapo, uingie katika mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Huhitajika kwa sababu ya saratani, utumbo kujisokota au majeraha. Wapo pia watoto wanaozaliwa bila njia ya haja kubwa. Tundu hilo halina msuli wa kubana, hivyo mwenyewe hawezi kuzuia haja wala hewa. Hapo ndipo hofu inapoanzia.

Wengi huikabili hofu hiyo kwa kushinda na njaa siku ya sherehe. Ni kosa, kwani utumbo mtupu huzidisha gesi. Heri kula kidogo kidogo na kutafuna sawasawa. Ugali hauna neno. Samaki, mayai na vitunguu huweza kuongeza harufu. Maharagwe, kabichi, soda na bia huleta hewa. Ambaye tundu lake limetoka kwenye utumbo mwembamba ajihadhari na mahindi na njugu, ambazo huweza kuliziba. Yeye pia hupoteza maji na chumvi nyingi, na kucheza ohangla katika joto la kando ya ziwa humkausha upesi zaidi.

Mfuko humwagwa ukifika theluthi moja hadi nusu. Ukingoja ujae, uzito wake huubandua. Inafaa kuumwaga kabla ya kuondoka nyumbani na kubeba wa akiba uliokwisha kukatwa kwa kipimo cha tundu, kitambaa laini na chupa ya maji, maana choo cha shimo aghalabu hakina bomba. Wa akiba usiachwe ndani ya gari juani, kwani gundi huharibika.

Kuna wanaofunga mifuko ya nailoni, ile ambayo Kenya ilipiga marufuku matumizi yake ya dukani na nyumbani Agosti 28, 2017, kwa kuwa ya hospitali ni ghali. Nailoni haishiki ngozini. Uchafu huvuja na kuichoma.

Tumbo likivimba na kuuma, mgonjwa akatapika na mfuko ukabaki mtupu kwa saa kadhaa, apelekwe hospitali usiku huo huo, hata kama ngoma bado inalia.