Karafuu ndani ya pai ya tufaha

Baada ya kipindi kilichopita msikilizaji mmoja alituuliza: hivi kwa nini bibi zetu hapa Malvern wanaoka pai ya tufaha, wakati wanajua kupika visheti, kaimati na mkate wa kumimina? Tulicheka, tukaendelea na mengine. Lakini mimi swali lilinikaa kichwani. Wengi wa rika letu tunaona pai ni chakula cha wazungu na karafuu ni "chetu", yaani vitu viwili vilivyokutana juzi tu, jikoni kwa bibi, kwenye ghorofa la Neilson Road. Sio hivyo. Vilikutana zamani sana, na namna vilivyokutana si hadithi tamu.

Tuanze na tunda. Matufaha ya McIntosh, yale mekundu yanayouzwa kwa mifuko kila vuli, yana jina la John McIntosh, mtoto wa wahamiaji kutoka Scotland. Kizazi cha pili, kama sisi. Mwaka 1811 alikuwa anafyeka shamba lake Dundela, mashariki ya Ontario, akakuta miche ya mitufaha imejiotea yenyewe. Akaihamishia karibu na nyumba. Baadaye mwanawe Allan akajifunza kuunganisha miti, yaani kukata kijiti cha mti mmoja na kukipandikiza kwenye shina la mwingine, kwa sababu ukipanda mbegu ya McIntosh hupati McIntosh. Mti wenyewe uliunguzwa na moto wa nyumba mwaka 1894, lakini uliendelea kuzaa upande mmoja hadi 1908. Kila McIntosh unayokula leo ni kijukuu cha mti ule mmoja.

Sasa neno lenyewe. Tufaha linatokana na Kiarabu. Lakini muulize mtu wa Unguja kuhusu tofaa, atakueleza tunda jingine kabisa: refu kidogo, jekundu, jeupe na jepesi ndani, linanukia kama waridi, na maua yake yakipukutika chini ya mti yanatandaza zulia la pinki. Watu wa pwani walikuwa na neno la Kiarabu, wakalivisha tunda waliloliona. Hili la baridi wengine wanaliita epo tu. Na kuna jambo lililonishangaza: wataalamu wa mimea wanaweka mtofaa na mkarafuu kwenye jenasi moja, Syzygium. Ni ndugu. Mtufaha wa Ontario ndio mgeni hapo. Ukoo wake ni wa mawaridi.

Haya, karafuu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Zililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, kwa hiyo kwetu hazina umri mkubwa kuliko McIntosh. Sultani Sayyid Said alihimiza kilimo chake kwa nguvu, na kabla karne haijaisha karafuu nyingi zilizouzwa duniani zilitoka Unguja na Pemba. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikashika nafasi.

Nani alichuma? Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka. Mtu anapanda mti mrefu, anavuta tawi, anakata vishada. Chini vinatenganishwa na makonyo, kisha zinaanikwa juani kwenye majamvi. Kazi hiyo ilifanywa na watumwa, wengi wao walioletwa kutoka bara. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi 1897. Kuna miaka 24 katikati, na mashambani karafuu ziliendelea kuchumwa.

Hebu fikiria basi jiko la shamba hapa Ontario mwaka 1890. Mama wa nyumba anatia karafuu kidogo kwenye pai yake. Uwezekano ni mkubwa kwamba zilitoka visiwani kwetu, na kwamba aliyezichuma hakuwa huru. Kwa hiyo tukijisifu "Spice Island" kwenye fulana na kwenye bio zetu, mimi nasema sawa, lakini tuseme yote.

Ugumu ni kwamba sisi wenyewe hatujui tulikuwa upande gani. Mkekani kwetu wamekaa wajukuu wa wenye mashamba na wajukuu wa waliochuma, mara nyingi ndani ya mtu mmoja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mashamba yaligawiwa upya, watu wakatawanyika, na maswali mengine yakafungwa kabisa. Bibi yangu alizaliwa Pemba. Nilipomuuliza nani walichuma karafuu za kwao alijibu, "Watu." Nikamwuliza, watu gani, bibi? Akasema pai inaungua.

Haikuwa inaungua. Pai zake haziungui. Anachanganya McIntosh na tufaha gumu zaidi, manake McIntosh peke yake hurojeka ndani ya oveni. Siagi lazima iwe baridi, maji baridi, na unga haukandwi kama wa chapati. Mkono uliozoea chapati inabidi ujizuie. Mdalasini kijiko kimoja, iliki kidogo, karafuu tatu zilizosagwa. Tatu tu, zaidi ya hapo ulimi unakufa ganzi.

Kipindi kijacho tutarudi kwenye hili. Kama una mzee aliyetoka Unguja au Pemba, muulize shamba la kwao liliitwaje na nani walipanda miti wakati wa msimu. Mrekodi kama ataruhusu, hata dakika mbili, ututumie. Akikwambia pai inaungua, tutumie hiyo pia.