Mrehani na Asumini: Harufu ya Nyumba za Pwani na Mikono Iliyoichuma



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, siku moja tulikuwa darasani tukipitia Suratur-Rahmaan, tukafika aya ya 12 penye neno rayhaan. Tukawauliza watoto nani kati yao anaujua mrehani. Kimya. Kisha mmoja akanyosha mkono akasema rehani ni kitu unachomwachia mtu akikukopesha pesa. Darasa zima likacheka, na sisi pia, lakini kosa halikuwa lake. Ni nani huku Bujumbura aliyewahi kumwonyesha mmea huo?

Wanazuoni wamelifasiri neno hilo kwa njia zaidi ya moja. Wapo waliosema maana yake ni riziki, na wapo waliosema ni kila mmea wenye harufu nzuri. Pwani ya Afrika Mashariki jina likaangukia mmea mmoja, wenye majani madogo laini yanayonukia ukiyagusa tu. Na katika Sahih Muslim imo hadithi inayotufundisha kwamba anayepewa rehani asiikatae, kwani ni nyepesi kubeba na harufu yake ni nzuri. Siku ya pili tukaleta tawi. Watoto wakalinusa, na wengine wakasema linafanana na umwenya ulioota nyuma ya nyumba zao. Wamesema kweli, ni ndugu wa ukoo mmoja. Waganda nao wana mujaaja wanaoutia kwenye chai, na watu wa pwani wana kivumbasi cha kufukuzia mbu.

Tukaamua kuwasimulia watoto historia ya harufu katika nyumba za pwani, tukidhani ni somo jepesi la kupumzikia.

Tulianza na Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331. Amesimulia jinsi alivyopokewa kwa niaba ya sultani: akaletewa tambuu na popoo, kisha akamiminiwa maji ya waridi yaliyotoka Damascus. Fikirini masafa hayo! Harufu ya heshima ilikuwa harufu iliyonunuliwa mbali: maji ya waridi, udi wa Mashariki ya mbali, miski. Hizo ndizo zilizoandikwa na wasafiri, kwa sababu mgeni alipokelewa sebuleni na hakuingia ndani.

Ndani kulikuwa na harufu nyingine ambayo haikununuliwa sokoni. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa ili mtu apite daka kwanza, kisha afike kiwandani, yaani ule ua wa ndani usio na paa, ndipo vyumba vifuate. Kwenye ua kama huo, penye jua na faragha, mwanamke aliweza kuotesha mrehani wake katika chungu bila ya kuonekana na mpita njia. Asumini nayo, iliyotoka upande wa Bara Hindi, ilipata makao mazuri pwani. Ua lake hufunguka magharibi inapoingia, na harufu yake huzidi usiku. Kwa hiyo matumba huchumwa alasiri yakiwa bado yamefumba, yakatungwa koja, na usiku yakafunguka yenyewe juu ya nywele au juu ya kitanda cha maharusi. Kikuba nacho hufungwa kwa majani ya mrehani, asumini, waridi na vipande vya mkadi, kikabandikwa kifuani. Pemba na Unguja huongeza kilua na mlangilangi. (Mlangilangi asili yake ni visiwa vya kusini-mashariki ya Asia, na ndugu zetu wa Ngazija na Nzuwani wanakamua mafuta yake yanayouzwa kwa watengeneza manukato wa Ufaransa.)

Hakuna mfalme aliyetoza ushuru wa asumini, ndiyo maana vitabu vimeisahau. Karafuu, ambayo nayo ni tumba la ua lililokaushwa, ina historia ndefu: nani aliipanda, ilipimwa vipi, na jinsi kimbunga cha mwaka 1872 kilivyoing'oa Unguja. Mrehani hauna historia hiyo. Uliishi mikononi mwa akina bibi, na bibi akifariki bila ya kumfundisha mjukuu, umekwisha.

Mwandishi mmoja tu wa zamani alituonyesha ndani kwa macho ya aliyekulia ndani. Naye ni Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Alitoka Zanzibar mwaka 1866, akabadili dini na akaolewa Aden, mambo ambayo hatuyasifu, lakini kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 1886 zina faida. Anaeleza kwamba nguo za kuvaa kesho zilitandazwa maua ya asumini na ya michungwa usiku kucha, na asubuhi zikafukizwa ambari na miski kabla ya kuvaliwa. Jumba la Mtoni, kwa kadirio lake, lilikuwa na watu wapatao 1,000.

Tulipofika hapo binti mmoja wa miaka kumi akauliza: “Mwalimu, hayo maua nani alikuwa anayachuma?”

Tulitaka kuendelea na somo. Kwa hakika tulikuwa tumeshasoma habari hiyo mara nyingi na kuwasimulia wengine, na hata siku moja hatukujiuliza. Lakini mtoto alikuwa anasubiri jawabu, na jawabu ni kwamba kazi za majumba yale zilifanywa na watumwa.

Na kwetu sisi jawabu hilo haliishii Unguja. Familia nyingi za Waswahili wa Bujumbura, za Buyenzi hasa, hujiita Wamanyema, na Manyema ni nchi ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kongo ya leo. Misafara ya pembe na watumwa ilitoka Manyema, ikavuka ziwa mpaka Ujiji, ikapita Tabora hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea lugha hii tunayoandikia na mafundisho ya dini yetu. Hatuwezi kuwafundisha watoto nusu moja tukaificha nusu nyingine. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873. Mwaka 1897 mahakama za Unguja zikaacha kuutambua utumwa, lakini masuria hawakuingizwa katika amri hiyo mpaka mwaka 1909. Basi wanawake wa ndani, walioishi karibu kabisa na hayo maua, ndio waliongojea muda mrefu zaidi.

Binti yule hakusema neno. Aliporudi nyumbani alimweleza nyanya yake, na nyanya akatuma ujumbe kwetu: mama yake mzazi alikuwa akipanda mrehani mlangoni na hakuna aliyewahi kumuuliza aliujulia wapi.

Kwa wanaotaka kupanda, jambo la kwanza ni jua. Mrehani uliowekwa juu ya meza chumba cha giza hurefuka, hukonda na kupoteza harufu, na asumini isiyopata jua haitoi ua. Dirishani au barazani ndipo mahali pake, upepo uingize harufu ndani. Debe la mafuta ya kupikia linatosha, mradi litobolewe chini maji yatoke. Mrehani hupandwa kwa mbegu au kwa kijiti kilichowekwa kwenye maji mpaka kitoe mizizi, na kila ukianza kuchanua kateni ncha ili utanuke. Asumini hupandwa kwa kipande cha tawi, nayo ipogoeni, kwani maua hutokea kwenye matawi mapya.

Kwenye uwanja wa madrasa tuna madebe matatu. Mawili yameshika vizuri. La tatu watoto walilimwagilia maji asubuhi na jioni, kila mmoja kwa zamu yake na wengine bila ya zamu, mpaka mizizi ikaoza. Yule binti ameahidi kuleta tawi jingine kutoka kwa nyanya yake, InshaAllah.